Nawahimiza wawe wahandisi, wao wananiuliza mshahara

SWALI

Habari za kazi, wataalamu wa safu hii.

Mimi ni mhandisi wa barabara, nina miaka minne kazini, na kituo changu ni Dodoma. Mwaka jana ofisi yetu iliamua kurudisha kitu kwa jamii. Kwa kuwa mimi ndiye mdogo kuliko wote na ndiye mwanamke pekee kwenye idara, nikaambiwa: "Wewe nenda mashuleni ukawahamasishe watoto, hasa wasichana." Nikapewa gari, siku tatu, na shule tatu za kata upande wa Chamwino.

Nilikwenda na slaidi 40. Shule ya kwanza umeme ulikatika kabla sijafika slaidi ya tano. Shule ya pili walikusanya wanafunzi wote, kidato cha kwanza hadi cha nne, kama 400 hivi, chini ya mti, mimi na kipaza sauti. Nikawaambia wakisoma kwa bidii watakuwa kama mimi. Wakanipigia makofi ya kilo. Nilipouliza kama kuna mwenye swali, mvulana mmoja akasimama: "Madamu, mshahara wako ni shilingi ngapi?" Uwanja mzima ukacheka. Wa pili akauliza kama nimeolewa. Wasichana hawakuuliza neno.

Mwezi Machi mwaka huu nilimpigia mwalimu wa Fizikia wa shule hiyo ya pili. Kati ya wanafunzi 112 walioingia kidato cha tatu, waliobaki na Fizikia ni 14, na humo wasichana ni watatu. "Mwaka juzi walikuwa 16," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Sasa ofisi inataka nirudi tena. Nimetengewa shilingi laki sita, na bosi anashauri tuchapishe fulana. Mimi naona aibu kurudia yale yale. Nifanye nini cha maana? Na lile swali la mshahara nilijibuje?

Mhandisi wa Kisasa (mtaa, si sifa), Dodoma

JIBU

Dada Mhandisi,

Asante kwa kutuletea barua yenye hesabu. Wengi wakitoka shuleni hutuandikia tu kwamba "mwitikio ulikuwa mkubwa", na hawapigi simu Machi.

Fulana zifute. Kwa laki sita zitatoka chache, zitagombaniwa, na zitaishia shambani. Fedha hiyo inunue futi kamba, karatasi, selotepu, nauli ya fundi sanifu mmoja au wawili wa kukusaidia, na chai ya walimu. Ikibaki, nunua futi kamba nyingine.

Kisha punguza shule. Nenda shule moja mara tatu, hizo mbili nyingine zisubiri mwaka mwingine. Siku ya kwanza mtoto anaangalia gari lako na viatu vyako. Siku ya pili anakumbuka jina lako. Ile anayotaka kukuuliza kweli, kwamba baba amesema hakuna fedha ya kidato cha tano, anaiuliza siku ya tatu, tena pembeni. Ukija mara moja huisikii, unabaki na makofi.

Halafu achana na mkusanyiko wa chini ya mti. Wa kidato cha nne mchepuo wake ameshauchagua, na wa kidato cha kwanza bado anahangaika na Kiingereza. Aliye njia panda ni wa kidato cha pili. Huyo ndiye wako. Muulize mwalimu wa taaluma ni wiki gani hasa wanafunzi wake huandika masomo ya kidato cha tatu, kisha panga ziara zako zitangulie wiki hiyo. Kwa mwaka huu tungekushauri Julai shule zikifunguliwa, Agosti, na ya tatu kabla ya katikati ya Septemba, maana baada ya hapo upimaji wa kitaifa unakaribia na hakuna mwalimu atakayekupa vipindi vyake.

Vibali usiviache mwishoni. Barua iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri wiki nne kabla, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari na kwa mkuu wa shule. Omba vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, ndani ya saa za masomo. Usikubali "baada ya saa tisa". Muda huo msichana anawaza ndoo na njia ndefu ya kurudi nyumbani, na wanaobaki ni wavulana wa bwenini. Darasani pasikosekane mwalimu wa shule. Namba yako ya simu mpe mwalimu, usiwagawie wanafunzi, na picha zisiingie mtandaoni kabla mkuu wa shule hajaridhia.

Ongea Kiswahili. Kila istilahi ya Kiingereza iandike ubaoni mara moja, kwa herufi kubwa, kwa sababu mtihani utaiuliza kwa Kiingereza, kisha endelea kwa Kiswahili. Ukifungua kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, watacheka, na darasa lililocheka husikiliza.

Ziara ya kwanza: karatasi na bati

Kila kundi liwe la watu watano. Darasa la wanafunzi 80 linakupa makundi 16, kwa hiyo mnahitajika watu wazima wanne, wewe, mwalimu na wasaidizi wawili. Chini ya hapo makundi ya nyuma yatageuka kijiwe.

Kila kundi lipewe karatasi nne za A4, selotepu ya sentimita 30 na si zaidi, na matofali mawili au rundo mbili za madaftari. Matofali yaachane sentimita 25. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, kwa hiyo kila upande inabaki sentimita 2 na kitu ya kulalia. Ukiacha nafasi ya sentimita 28 daraja litateleza kabla halijapimwa, na watoto watadhani wamekosea kumbe umekosea wewe. Mzigo ni mchanga mkavu kwenye kikombe cha plastiki, unaoongezwa kijiko kwa kijiko. Kikombe kikae katikati ya daraja.

Raundi ya kwanza: karatasi moja, bila selotepu, dakika 10. Wengi wataiweka bapa, nayo italegea na kudumbukia. Usiseme kitu. Kuna mmoja ataikunja, na hapo ndipo uwaulize: "Bati la darasa hili kwa nini lina migongo?" Wamekaa chini ya hilo bati tangu darasa la kwanza na hakuna aliyewahi kuwauliza. Karatasi iliyokunjwa mikunjo ya sentimita 2 hukataa kupinda kwa sababu sehemu yake moja iko juu na nyingine iko chini, mbali na mstari wa katikati. Ya juu inabanwa, ya chini inavutwa. Hiyo ndiyo sababu ya boriti ya zege kuwekewa nondo kubwa chini: zege huvumilia kubanwa, kuvutwa haliwezi.

Raundi ya pili: karatasi tatu zilizobaki na selotepu, dakika 20. Sasa makosa yatakuwa na thamani. Mikunjo itafunguka kwa pembeni kama kitabu kilicholala chali, na dawa yake ni karatasi bapa iliyobandikwa chini ili kuishikilia. Aliyetengeneza mirija ataona inabonyea pale inapolalia tofali, si katikati, kwa sababu nguvu yote inashukia kwenye eneo dogo. Aliyeweka kikombe upande mmoja atashangaa daraja linapojinyonga. Kila daraja linapoanguka, kabla ya kelele, uliza maswali mawili: limeanza kuvunjika wapi, na kwa nini pale. Ukiyakosa hayo mawili umefanya mchezo wa kuchezea karatasi.

Mshindi asiwe aliyebeba mzigo mkubwa tu. Gawanya mzigo kwa idadi ya karatasi zilizotumika. Kundi lililobeba vijiko 30 kwa karatasi moja limelishinda lililobeba vijiko 60 kwa karatasi tatu. Mwanafunzi akishaelewa kwa nini, ameanza kuelewa kwa nini mkandarasi hajengi kila kalavati kwa ukubwa wa daraja.

Angalia mikono ndani ya makundi. Bila kupangiwa, wavulana watashika mkasi na wasichana wataandika majina. Panga kazi nne, mjenzi, mpimaji, mwandishi na mpakiaji mzigo, wa tano awe msemaji, na kila dakika 10 zungusha kwa filimbi. Usitoe hotuba ya "mwanamke anaweza", maana mbele yao umesimama na umeshajibu. Kama unaweza kuja na fundi sanifu wa kike, njoo naye, na yeye ndiye apite kwenye makundi akirekebisha mikono.

Ziara ya pili: paa la shule

Hii ndiyo tunayotaka uipe nguvu zako zote, kwa sababu ni ya Dodoma. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, kisha miezi saba mikavu. Kila mwanafunzi wa Chamwino anajua uzito wa ndoo. Waambie swali la leo ni moja: paa la darasa lenu linaweza kuwapa maji kiasi gani, na tanki la ukubwa gani?

Wape futi kamba za mita 30, moja kwa makundi mawili, watoke nje kwa zamu. Kosa la kwanza litatokea hapo hapo: watataka kupanda juu wapime bati. Wazuie kwa usalama, na kwa hesabu pia. Mvua inaanguka wima, haijali mwinuko wa bati. Kinachopimwa ni kivuli cha paa chini, saa sita mchana, yaani urefu na upana wa jengo pamoja na sehemu inayochomoza nje ya ukuta. Akipima bati lenyewe atapata eneo kubwa kuliko maji yatakayokuja.

Tuseme wamepata mita 20 kwa 8. Ni mita za mraba 160. Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1 kamili, na hili liache lizunguke darasani kidogo, maana ni zuri. Mvua ya milimita 20 inatoa lita 3,200. Lakini si zote zinafika tankini. Nyingine zinaruka, nyingine zinamwagika kwenye gata, nyingine zinakauka kwenye bati la moto. Chukua asilimia 80: lita 2,560. Kwa mwaka wa milimita 550 ni lita 88,000, na asilimia 80 yake ni lita 70,400.

Darasa litashangilia. Liache lishangilie, kisha andika ubaoni: wanafunzi 400, kila mmoja lita 5 kwa siku. Ni lita 2,000 kwa siku. Maji ya mwaka mzima yanakwisha kwa siku 35. Kimya kitakachofuata ndicho ulichokifuata. Uhandisi unaanzia kwenye kimya hicho, hesabu inapogoma na bado watu wana kiu.

Sasa wagawe makundi, kila moja lilete pendekezo. Wako watakaosema tukusanye maji ya majengo yote sita. Wengine watasema yawe ya kunywa tu, nusu lita kwa mtu, yaani lita 200 kwa siku. Kuna watakaotaka tanki kubwa. Waulize kubwa kiasi gani. Simtanki la lita 10,000 kwa paa hili linajazwa na milimita 78 tu za mvua, kisha mvua zote zinazofuata zinamwagika, isipokuwa maji yatumike masika yenyewe. Na likiwa limejaa Aprili, kwa matumizi ya lita 200 kwa siku linakwenda siku 50, hadi katikati ya Juni. Julai hadi Novemba je? Hakuna jibu moja sahihi, na waambie hivyo wazi, maana shuleni wamezoea kwamba jibu liko nyuma ya kitabu.

Kabla kengele haijalia, walete kwenye uzito. Lita 10,000 ni tani 10. Tanki la kipenyo cha mita 2.2 linakalia eneo la kama mita za mraba 3.8, kwa hiyo kila mita ya mraba inabeba tani 2.6. Hiyo ndiyo mada ya mgandamizo waliyoisoma, sasa ina sura. Likiwekwa juu ya udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, msingi utapasuka nao na bomba la chini litang'oka. Wewe ni mtu wa barabara, unaujua huo udongo vizuri kuliko sisi.

Na gata: mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Kwa jengo la mita 20, gata ikimwagia maji upande mmoja, mwisho wake unashuka sentimita 20 na maji ya mvua kubwa yatairuka. Bomba likishushwa katikati, kila upande unashuka 10 tu. Tanki lililokauka karibu na jengo lenye paa zuri kosa lake mara nyingi ni hili, au gata iliyojaa majani.

Wakiuliza "haya yana uhusiano gani na kazi ya mhandisi wa kweli", wape mifano ya mkoani. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957 na limekuwa likijaa tope linaloshushwa na makorongo. Mhandisi anapaswa kuhesabu tope sawa na maji. Bwawa la Mtera lina mitambo ya umeme ya megawati 80, lakini mvua ikigoma kwenye bonde la Ruaha Mkuu, mashine nzima inasubiri. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024 inakula umeme wa kilovolti 25 kutoka kwenye waya wa juu, na watakuuliza kwa nini ndege wanaotua pale hawafi. Jiandae. (Ndege anagusa waya mmoja tu, hajaunganisha na ardhi.)

Kama mwalimu atakuomba kitu cha umeme, tengenezeni mota ndogo. Mita 2 za waya wa shaba wenye vanishi, unene wa nusu milimita, upo kwa mafundi wanaosuka upya mota. Zungusha mara 15 kwenye betri kubwa ya tochi, ncha mbili zitokeze. Pini mbili za nepi na rababendi zinashika koili juu ya betri mpya ya volti 1.5, sumaku ya spika mbovu chini yake, isiachane na koili zaidi ya sentimita 1. Nane kati ya kumi hazitazunguka mara ya kwanza, na sababu ni vanishi. Ncha moja ikwanguliwe pande zote, nyingine nusu ya juu tu. Ukikwangua zote mbili pande zote, koili inatetemeka na kusimama, kwa sababu nusu ya pili ya mzunguko umeme unairudisha ilikotoka. Isiachwe imeunganishwa, waya unapata moto haraka. Na tafadhali usilete taa za malimau. Limau moja lenye msumari uliopakwa zinki na shaba linatoa kama volti 0.9, taa nyekundu ndogo inataka karibu 1.8 na nyeupe karibu 3. Utatumia malimau ya wiki nzima ya mama fulani, na taa itawaka kwa kuonewa huruma.

Ziara ya tatu: njia na fedha

Hapa ndipo lile swali la mshahara linapopata jibu, na usilikwepe. Halikuwa utovu wa adabu. Mtoto wa mkulima wa mtama na alizeti anayeuliza mshahara anauliza kama miaka kumi ya shule italipa. Huna haja ya kutaja chako. Eleza fedha inavyokuja: anayeajiriwa serikalini hulipwa kwa mwezi, aliye kwa mkandarasi hulipwa kwa mradi na mradi ukiisha huenda akakaa miezi bila kitu, anayefungua kampuni husubiri malipo ya wateja. Wakiona umesema na ubaya wake watakuamini kwenye uzuri. Swali la ndoa lijibu kwa neno moja na uendelee.

Kisha ueleze ngazi zote tatu, maana wengi wanajua mbili tu, fundi wa mtaani na "injinia" mwenye gari. Fundi mchundo anatoka VETA, ipo hapo hapo Dodoma. Fundi sanifu anasoma stashahada miaka mitatu baada ya kidato cha nne, kwenye vyuo kama Chuo cha Ufundi Arusha, DIT Dar es Salaam au MUST Mbeya. Kuingia kwa kawaida kunahitaji ufaulu wa D nne, na kozi za uhandisi hudai Hisabati na Fizikia zimo humo. Mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wa mwaka husika ndio wa kufuata. Mhandisi anapita kidato cha sita, kwa kawaida PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kisha miaka minne ya chuo kikuu, halafu anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Fundi sanifu anaweza kupanda hadi shahada baadaye. Mwambie hivyo yule ambaye baba yake amesema hakuna kidato cha tano. Kwake njia ya stashahada ina maana kubwa kuliko hotuba yoyote, na watu wa vyuo vikuu hupenda kuisahau.

Hisabati itaje kwa jina. C inaanzia alama 45, na mwanafunzi mwenye 20 kidato cha pili hatafika huko kwa kuhamasishwa. Atafika kwa mazoezi ya sehemu, desimali na kugeuza fomula. Mwombe mwalimu aunde kundi la watu 10 hadi 15 watakaokutana mara mbili kwa wiki, na kwenye zile laki sita kata fedha ya madaftari yao na ya chaki.

Wazazi nao. Muombe mkuu wa shule dakika 20 kwenye mkutano wa wazazi. Peleka karatasi moja ya Kiswahili, upande mmoja tu, yenye ngazi hizo tatu, miaka yake, na mahali pa kuomba fedha: Bodi ya Mikopo kwa chuo kikuu na kwa baadhi ya kozi za stashahada, na Samia Scholarship kwa waliofaulu zaidi sayansi kidato cha sita. Andika pia kwamba baada ya matokeo ya kidato cha nne TAMISEMI hutoa nafasi ya kubadilisha tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano) na vyuo walivyojaza. Wazazi wengi hawajui hilo, na mtoto aliyejaza kwa kubahatisha anabaki hapo hapo.

Ukitaka kuwapeleka kwenye mradi, wachukue 40 tu. Mkandarasi aridhie kwa maandishi, kofia na vizibao viwe na idadi sawa na watu, viatu viwe vya kufunika vidole (ndala hapana, na wapo watakaokuwa nazo tu, kwa hiyo uliza mapema), mtu mzima mmoja kwa wanafunzi 10, na asiwepo anayesogelea mtambo unaorudi nyuma. Siku ya kumwaga zege inavutia kuliko siku ya kusawazisha moramu.

Kupima kama umefanikiwa, usiwaulize "mmefurahi?" Siku ya kwanza kila mwanafunzi aandike kwenye kikaratasi, bila jina, masomo anayotaka kidato cha tatu na kazi tatu ambazo mhandisi hufanya. Rudia ziara ya tatu. Machi mpigie tena mwalimu. Idadi ya waliobaki na Fizikia ikipanda kutoka 14 hadi 20 umefanya kazi. Isipopanda, angalia alama za Hisabati kabla hujajilaumu.

Ukiondoka, futi kamba zibaki kwa mwalimu, pamoja na kipima mvua ambacho wanafunzi watakitengeneza wenyewe: chupa ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka, kichwa kimekatwa na kugeuzwa kama faneli, saruji kidogo chini ili sakafu iwe tambarare, rula ubavuni ikianzia pale saruji ilipoishia. Kiwekwe uwanjani, umbali mara mbili ya urefu wa mti au ukuta ulio karibu, kisomwe saa tatu asubuhi. Novemba mvua ya kwanza ikinyesha, waseme lita ngapi zimepita juu ya paa lao usiku, na mwalimu akutumie namba hiyo kwa ujumbe.